Pori Lisilo na Watu

Mtendaji wa kijiji chetu, binti niliyemfundisha jiografia mwenyewe, alinijia na karatasi yenye vichwa vitatu: jiografia, historia, idadi ya watu. Wapimaji wa ardhi walikuwa wanakuja Jumatatu kupanga viwanja na barabara, maana mji unatujia kutoka upande wa Ihumwa, na walitaka maelezo mafupi ya kijiji pamoja na ramani ya mkono.

"Shikamoo mwalimu," akasema. "Hii si kazi ya kukushinda."

Nikavimba kichwa. Maisha yangu yote ya kazi nimechora ramani ubaoni. Kijiji kimoja kingenishinda vipi?

Kilinishinda. Jiografia peke yake ilinichanganya. Niandike kwamba tuna mto? Mto wetu ni mchanga mtupu. Maji hupita siku chache kwa mwaka, yakipita huondoka na mbuzi wa watu, kisha tunarudi kuchimba visima humo humo. Nikaandika mto, nikafuta, nikaandika korongo, nikaona nimeutukana, nikarudisha mto. Historia nayo ikawa mbaya zaidi. Kijiji hiki kilianza siku tuliyoletwa na malori wakati wa Operesheni ya kuhamishia watu vijijini, mimi sijaanza hata shule, tukapangiwa nyumba kwa mistari. Lakini walioletwa walikuwa na kwao, mwendo wa saa moja kwa miguu kuelekea mashariki. Leo huko ni mahame: nyumba za tembe zimerudi kuwa udongo, zimebaki nyua za minyaa iliyokua ikawa miti. Sasa historia yetu ianzie kule au kwenye lori? Nikaanzia kwenye lori, kwa kuwa lori nililikumbuka.

Idadi ya watu nilidhani ni mteremko. Nikawauliza wenyeviti wa vitongoji. Mmoja aliwahesabu vijana wote walioko Dar es Salaam kwa sababu watarudi. Mwingine alikataa kuwahesabu wafugaji waliofika na ng'ombe wao kwa sababu wataondoka. Wa kwanza hawajarudi miaka yote, na wa pili wameshajenga. Nilijumlisha mara tatu nikapata majibu matatu.

Jumamosi mchana nikamsomea mama. Mama ni mzee sana, macho yamepungua, ila masikio yake yanasikia hata usichosema. Alikuwa ameketi kibarazani anachambua mlenda, mimi nasoma kwa sauti ya darasani. Nikafika pale: "Upande wa mashariki ni pori lisilo na watu, lenye kaburi moja."

Mikono yake ikasimama.

Hilo kaburi ni la baba. Alifariki mwaka mmoja kabla ya malori, na tukamwacha kule. Nilipoanza kushika mshahara niliona aibu kwamba baba yangu hana hata alama, nikamwuliza baba mdogo alipozikwa, maana nilitaka kumshtukiza mama kwa furaha, naye akanyoosha mkono tu kuelekea mahame. Nilikwenda nikakuta rundo la mawe karibu na ua wetu. Nikampeleka fundi akajenga msalaba wa zege juu yake, mchungaji akaja, kwaya ikaimba. Kila mwaka naenda kufyeka. Na mama ameniambia mara nyingi kwamba akifa nimlaze karibu na baba. Hilo ndilo ombi lake pekee ambalo halibadiliki, nami nilikuwa nimeshapima nafasi yake kushoto kwa msalaba.

"Hao wapimaji wataacha nini?" akauliza kwa Kigogo.

"Makaburi yenye alama. Kwingine watapitisha barabara."

Aliusogeza mlenda pembeni. Kisha akasema, "Nipeleke kesho. Tafuta bodaboda ya taratibu."

Tulikwenda baada ya ibada. Nilimshusha kwenye msalaba, naye akaupita kana kwamba haupo. Akatembea na fimbo yake, hatua kama sitini, hadi mahali ninapopajua vizuri sana, maana hapo ndipo mlenda wetu unapotoka kila masika. Hakuna mahali unapoota kama hapo. Nimechuma vikapu na vikapu.

"Hapa palikuwa zizi," akasema. "Mwenye mji, baba wa kaya, hazikwi nje porini kama mgeni. Analala zizini kwake, ng'ombe wanapita juu yake. Tulimzika hapa."

"Na yale mawe?"

"Tuliyaokota uwanjani tukayarundika, tupate pa kupuria mtama."

Sikuelewa. Ninaandika haya bado sielewi vizuri. Karibu miaka thelathini nimepiga magoti mbele ya mawe ya uwanja wa kupuria mtama. Nilikwenda pale kumweleza baba kwamba nimeoa. Nilikwenda dada yangu alipofariki, nikalia hadi sauti ikakauka. Nilikuwa namwambia nani? Na muda wote huo baba yupo hatua sitini nyuma yangu, nami nikimaliza kusali nachukua kikapu naenda kuchuma mboga juu ya kifua chake, napeleka nyumbani, mama anapika, tunakula na ugali.

Nilimkasirikia. Sijawahi kumpandishia mama sauti, siku ile nilipandisha. "Mama, kwa nini hukusema?"

"Ulikuja nyumbani siku ile msalaba umeshakauka," akajibu. "Wageni wamejaa, kwaya imevaa sare, wewe umefurahi mpaka unacheka peke yako. Ningesema nini, baba? Nikamwambia dada yako, nikasema nikifa atakuonyesha. Dada yako akatangulia."

Nilikaa chini. Nikafungua karatasi yangu, kwa kuwa ndicho kitu pekee nilichojua kukifanya. Barabara niliyoichora mwenyewe kwa penseli, kuwarahisishia wapimaji, ilikwepa msalaba kwa heshima zote na kukata katikati ya zizi. Nikaifuta. Nikauangalia msalaba kwenye ramani, nisijue niufute au niuache. Nikauacha, kisha nikauhamishia zizini. Nikafuta "pori lisilo na watu", nikaandika "mji wa zamani". Mbele ya idadi ya watu nikasita, kisha nikaandika.

Mama alikuwa anazunguka zizi polepole, anaburuza ncha ya fimbo kwenye udongo mweusi. Alichora mstari mmoja mrefu kama mtu aliyelala, akasogea kidogo, akachora wa pili sambamba nao. Alipima nafasi iliyo kati ya mistari hiyo kwa unyayo wake. Kisha akaja akasimama nyuma yangu, mkono begani.

"Umeandika wangapi hapa?"

"Mmoja," nikasema.

"Andika wawili," akasema, "wasije wakanisahau kesho."