Matanga ya Shati la Mistari

Wiki iliyopita, pale dukani kwangu Kagongwa, tulifungua robota la mitumba ya nguo za watoto. Wengi mnanijua, lakini kwa asiyenijua niseme tu: kuanzia Isaka mpaka Segese, na kule Geita kwenye machimbo, ukimwona mchimbaji kavaa suruali nzito isiyopasuka magotini, usishangae ukiambiwa ilipita mikononi mwangu. Nilianza na kigunia kimoja begani. Leo nina ghala, nina lori, nina nyumba ya bati ambayo wenye vyeti vyao huja kuomba kupanga chumba. Na darasa mimi sikulikalia. Kusoma nilijifunza ukubwani, jioni, pamoja na wazee wenzangu.

Sasa, robota likikatwa kamba hupumua. Wenye kazi hii wanajua ninachosema. Ile harufu ya dawa ya nondo na unyevu wa melini hukupiga usoni kama mvuke wa chungu. Nilikuwa nachambua, nzuri huku, mbovu kule, mkono ukashika shati dogo la mtoto. Vifungo vyake vyote vyeupe, isipokuwa kimoja cha buluu, kimeshonwa kwa mkono, kwa uzi mnene usiofanana na mwingine. Nikakaa chini juu ya robota. Mama watoto alidhani presha imenipanda. Haikuwa presha. Bibi yangu alikuwa amenijia.

Nyumbani kwetu ni kijiji cha upande wa Maganzo, enzi ambazo watu walikuwa ndio kwanza wanaanza kuinamia mchanga kutafuta almasi. Mama alifariki nikiwa sijaota meno ya pili, na baba alikuwa Geita kwenye dhahabu, akija kama mvua ya kiangazi. Nililelewa na bibi. Asubuhi napeleka ndama, mchana naamia ndege kwenye mtama, jioni nakaa mekoni nikitafuna michembe huku moshi wa kinyesi cha ng'ombe ukinitoa machozi. Hata leo nikionja viazi vilivyokaushwa juani najiona niko pale, miguu imejaa vumbi, mgongo umeegemea ghala la mtama.

Nilichovaa ni kaniki, fundo begani. Ilikuwa ya mama. Bibi aliikata akanifunga nayo siku matanga ya mama yalipoanuliwa, si kabla. Alikuwa na msemo wake, kwamba nguo haifi, hubadili kazi tu. Kaniki ya mtu mzima ikichakaa inakuwa ya mtoto. Ikitoboka inakuwa ngata ya kubebea mtungi kichwani. Ngata ikisambaratika inasokotwa utambi wa kibatari. Kwetu hapakuwa na kitu cha kutupa, ndugu yangu. Lakini nguo ya marehemu ilikuwa na utaratibu wake: kwanza mtu aliliwe, pombe inywewe, vichwa vinyolewe, ndipo mrithi avae. Ukivaa kabla ya hapo, unavaa na huzuni yake.

Basi mwaka huo Misheni ilitangaza kwamba inapokea watoto wa darasa la kwanza. Niliitaka shule ile kuliko nyama. Nilikuwa nikipita na ndama zangu nasikia wenzangu wakiimba herufi ndani, na mimi nazirudia kwa ng'ombe. Mwalimu aliniandikisha, ila akasema wazi kwamba mwenye kaniki haingii, sharti shati na kaptura. Kaptura baba aliniletea kutoka Geita. Shati sikuwa nalo. Ndipo likaja robota la Misheni, nguo ambazo watu walikuwa wakiziita kafa ulaya, maana kila mtu kijijini alijua ni za watu waliokwisha kufa huko zilikotoka. Mimi nikagawiwa shati jeupe la mistari ya buluu. Nilikimbia nalo mpaka nyumbani nimeliinua juu kama bendera.

Bibi alilipokea kwa mikono miwili. Akalinusa, akalipima kifuani kwangu. Likanienea kama nililozaliwa nalo. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Akalala nalo mkekani, kulipokucha akaniambia halivaliwi. Shati la kunienea mimi, alisema, ni la mtoto wa kimo changu. Mtoto amekufa, na hapa hakuna aliyemlilia. Akanionyesha kifungo cha buluu.

"Tazama uzi huu. Huyu ni mama yake aliyeshona. Hakupata kifungo cha kufanana, akashona alichonacho."

Nilijililia mimi mwenyewe, kwa sababu shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu, na pombe ya matanga haijaanza hata kulowekwa. Aliponihurumia kidogo tulikwenda kwa mwalimu. Mwalimu akacheka kwa adabu, akamweleza kuwa mwenye shati hakufa, alikua tu likambana.

"Kama alikua," bibi akasema, "kwa nini hakumpa mdogo wake?"

"Labda hana mdogo, bibi."

"Na jirani je? Huko hawana majirani?"

Mwalimu alijikuna kisogo. Akasema tu kwamba Jumatatu nisipofika nafasi atapewa mwingine, kwa kuwa watoto ni wengi kuliko mabenchi. Bibi akamshukuru, tukarudi. Njia nzima nilikuwa nikivuta mguu makusudi. Alinisubiri kila niliposimama, hakunigombeza, na tulipofika aliniambia jambo moja: "Ng'wanone, mwanangu, shule haina miguu, utaikuta. Huyu mtoto ana nani?"

Akaloweka mtama siku ile ile. Na pombe ya mtama, kama mnavyojua, haiamrishwi. Jumatatu nilisikia kengele ya Misheni nikiwa shambani na kombeo langu. Sikumpiga ndege hata mmoja siku hiyo. Waliula mtama wetu wakashiba.

Matanga yakakaliwa. Shati likatandikwa katikati ya ua juu ya ungo, na wanawake wakaja na kuni na maji kama kwenye msiba wa kweli, ingawa wengine walikuwa wanabinyana kuzuia kicheko. Jirani yetu mmoja alikuwa askari aliyerudi kutoka vita vya Burma. Alirudi na kabuti la jeshi, zito kama godoro, akalivaa mvua na jua. Watoto tulisema hata anaoga nalo. Mzaha ndio ulikuwa chakula chake. Alipokwisha kupata kibuyu chake cha kwanza akaanza.

"Bibi, leo tunamlilia Mzungu? Wao sisi tuliwazika kule porini, wala hakuna aliyetukaribisha hata togwa."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikiamini labda aibu itamfanya bibi anipe shati langu. Bibi hakucheka wala hakukasirika. Alimtazama yule jirani, akamuuliza kwa upole: "Na hilo kabuti, baba, la nani?"

Jirani akafuta povu mdomoni. Akampa mtu kibuyu chake. Halafu akasema kwamba ni la mwenzake, Mzinza wa upande wa Geita. Mvua ilikuwa inanyesha, yeye alikuwa anatetemeka kwa homa, na mwenzake hakuwa akilihitaji tena. Alimvua mwenyewe.

"Na kwao wanajua?"

Akatikisa kichwa. Akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja. Akalivua, akalilaza juu ya ungo kando ya shati langu. Ndipo tukamwona alivyokuwa mwembamba. Bibi akamsogezea mkeka, akamwambia, "Kaa basi, tuwalilie wote wawili." Mtu mzima yule alilia mpaka mbwa wakaamka. Hakuna aliyebinyana tena.

Matanga yakaanuliwa, tukanyolewa, na kesho yake jirani alikunja kabuti akaondoka nalo kwenda Geita kuwatafuta ndugu wa mwenzake. Alirudi bila kabuti na hakusimulia lolote. Tangu hapo alipita akiwa kifua wazi, na watoto hatukumtania.

Mimi bibi alinifungua kaniki ya mama, akanivisha shati. Nilikwenda Misheni nikiwa nanukia majivu na samli, kichwa kinang'aa. Mwalimu alisikitika kweli, lakini mabenchi yalikuwa yamejaa. Akasema nije mwaka ujao. Mwaka uliofuata baba alikuja akanichukua Geita kumsaidia kusaga mawe, na mambo ya shule yakaishia pale mlangoni, nikiwa nimevaa shati zuri kuliko waliokuwa ndani.

Kwa miaka mingi nikisimulia habari hii niliisimulia kwa kicheko: tazameni ushamba wa bibi ulivyoninyima darasa, na tazameni nilikofika bila hilo darasa. Watu wanapiga makofi, nanunua soda. Siku hizi kicheko hakitoki vizuri. Mimi ndiye niliyekuja kujua biashara hii mpaka mizizi yake, na najua mwalimu alisema kweli. Hawakufa. Walizichoka tu. Yule mtoto wa shati la mistari kama yuko hai ni rika langu, pengine ana kitambi kama changu, naye hajui kwamba kuna bibi huku Maganzo aliyemlilia kwa niaba ya mama yake, na mjukuu wake akanyolewa kwa ajili yake. Lakini swali la bibi bado sijapata wa kunijibu. Na jirani je?

Bibi alifariki nikiwa machimboni. Nilipofika nilikuta vitu vyake vimekwisha gawanywa kwa taratibu zote. Niliuliza kaniki ya mama iliishia wapi. Shangazi akanikumbusha kwamba ilikuwa ngata, halafu ikawa utambi, ikaungua siku nyingi. Nguo inabadili kazi tu. Ghala langu limejaa nguo mpaka darini, na humo hamna uzi hata mmoja wa kwetu.

Lile shati dogo la juzi nilikaa nalo mapajani, nikakizungusha kile kifungo cha buluu kidoleni. Uzi wake ulikuwa imara bado. Mama watoto akaniuliza aliweke kundi gani. Nikamwambia aliweke kwenye nzuri. Akalirusha juu ya rundo, na mteja wa kutoka Segese akaanza kuchagua.