Kishonanguo kimekataa dawa shambani kwangu Siyu, sasa sijui nilime au nisilime

Wakuu, salaam aleikum. Hili si la kusikia kwa watu, limenipata mwenyewe hapa Siyu, na mpaka naandika sijalielewa vizuri.

Mimi na dada yangu, Bi Mwanaisha, tuna shamba la urithi, tumeligawa katikati. Yeye hulima kwa jembe na kupalilia kwa mkono. Mimi mgongo uliponianza niliacha jembe kabisa. Napuliza dawa ya magugu, nachimba vishimo, napanda mahindi. Basi.

Misimu ya mwanzo ilikuwa raha tupu.

Halafu kishonanguo, kile chenye mbegu zinazong'ang'ania kanzu, kikaanza kubaki. Magugu mengine yanakufa, chenyewe kinanawiri. Nikasema dawa ni feki. Nikavuka hadi Lamu mjini, nikanunua chupa nyingine yenye jina jingine. Nikazidisha kipimo.

Wapi.

(Kuzidisha kipimo msijaribu. Macho yaliniwasha hadi nikaogopa.)

Siku moja dawa ilibaki kwenye pampu. Nikamwomba dada nipulize kishonanguo cha ukingoni kwake. Akakubali shingo upande.

Baada ya siku chache akaniita niende upande wake. "Ndoo uone. Mbona changu kimekufa?"

Kweli, kimekauka. Dawa ile ile, pampu ile ile. Kwangu, hapo hapo jirani, kijani kitupu.

"Labda nti imekukataa," akasema, yaani ardhi yenyewe. Hakuwa anatania. Alitaka tumwite mtu asome dua. Nikamwomba asubiri kwanza niulize.

Nikampigia afisa wa kilimo. Akaniambia nimsomee maandishi ya chupa zote mbili. Kumbe majina tofauti, kiambato kimoja. Akasema hiyo ndiyo resistance: kila msimu nilikuwa naua vile dhaifu, vichache visivyosikia dawa vikabaki kuzaa. Kwa dada, jembe lilikuwa linaua vyote bila kubagua.

Nikamwambia basi, narudi kwenye jembe.

"Taratibu," akasema. "Ukilima unazika mbegu, zinalala huko chini bila kufa. Ukilima tena unaweza kuzirudisha juu."



Mahindi yangu msimu ule yalisongwa, nikaambulia ya kuchoma. Siku hizi dada ananisaidia kung'oa kishonanguo kabla hakijatoa maua. Hanilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linaniuma.

Nilichojifunza: usitegemee dawa moja kila msimu, na soma kiambato, usidanganywe na jina la chupa. Hapo nimeelewa.

La jembe ndilo limenishinda. Dada anataka mvua zikianza tulime shamba lote, kwake na kwangu pamoja. Mimi naogopa tutaamsha mbegu zilizolala, tuzisambaze hadi upande wake. Na upande wake ndio unaotulisha sote sasa.

Mliowahi kupitia haya, semeni. Nimkubalie au nimzuie?