Duara Kubwa la Dada

Dada yangu alifungasha sabuni za miche kwa miaka kumi na mmoja, na miaka yote hiyo alivaa suruali ya jinzi chini ya sketi. Jinzi nzito ya kiume, na mkanda ameukaza mpaka tundu la mwisho. Nje jua linakaanga mabati, yeye anatoka mlangoni amevimba kama godoro lililofungwa kamba.

"Dada," namwambia, "unaenda kazini au unahama?"

"Kiwandani kuna baridi," ananijibu.

Kiwanda cha sabuni, kwa wasiokijua, kina mapipa yanayochemka kutwa nzima. Ukiingia na yai mfukoni unatoka nalo limeiva. Baridi gani hiyo? Mimi niliyesoma nusu ya diploma ya ujenzi, nikaiacha ile nusu yenye akili, sikujiuliza hata siku moja. Nilikuwa nakaa kwake, nakula kwake, na shukrani yangu ilikuwa utani.

Korona ilipoingia, watu walifungiwa majumbani, shule zikafungwa, masoko yakafungwa. Kiwanda cha sabuni hakikufungwa hata saa moja. Dunia nzima ilikuwa imekumbuka kunawa. Ila bwana afya alikuja na sharti lake: kila mfungashaji asimame ndani ya duara lake, mita moja kutoka kwa mwenzake, na mtu yeyote akikutwa ameingia duara la mwingine, kiwanda kinafungwa siku hiyo hiyo.

"Mtu yeyote?" mwenye kiwanda akauliza.

"Hata wewe."

Dada akanitafutia kibarua cha kuchora maduara hayo. Nikaingia ukumbi wa kufungashia na kopo la rangi ya njano, msumari, kamba na chaki. Kwa kazi hiyo nusu ya diploma ilitosha kabisa. Sakafu ilikuwa nyeusi kwa mafuta ya miaka mingi. Wanawake ishirini na wawili walisimama upande mmoja wa meza ndefu, mashine inawaletea sabuni, wao wanazikunjia karatasi na kupanga kwenye maboksi. Nyuma yao, kati ya migongo yao na ukuta, alitembea msimamizi, bwana mnene mwenye viganja laini, aliyetaka wote wamwite Mjomba.

Nilipofika kwa dada, utani ukanipanda kichwani. Nikairefusha kamba. Akapata duara kubwa kuliko yote, limebakiza kama shubiri mbili kufika ukutani.

Mjomba akasimama. "Hili nini? Uwanja wa mpira?"

"Mjomba, duara linafuata mwili. Huyu dada yangu ni watu wawili."

Ukumbi mzima ukacheka. Dada naye alicheka mpaka akashika meza, nami nikajua nimechekesha.

Jumatatu iliyofuata jinzi ilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Alitoka na sketi peke yake, upepo unaichezea. Wiki ikapita, ya pili ikapita, buibui akajenga kati ya miguu ya ile suruali. Dada akaanza kuimba akichana nywele. Nikamwambia kati ya sauti yake na korona, afadhali korona, maana ile tuna barakoa yake. Akanirushia kitana.

Mtaani watu walikuwa wanakufa. Mama Pacha, aliyesimama kushoto kwa dada kwa miaka minane, alikohoa Alhamisi. Alhamisi ya pili akazikwa. Wazikaji wachache, mwili umezungushiwa plastiki, na pacha wake wawili wamezuiwa kule barabarani wameshikana mikono. Dada alirudi, akakaa kwenye kigoda bila kuvua viatu.

"Wewe," akasema, "nikikwambia kitu utacheka?"

"Inategemea."

"Leo nimemzika Mama Pacha. Na njia nzima nilikuwa naomba huu ugonjwa usiishe."

Sikucheka. Akanieleza, macho yake kwenye ndoo ya maji. Miaka kumi na mmoja Mjomba alikuwa anakagua. Anakuja kwa nyuma, anainama kutazama kama karatasi imekunjwa vizuri, na wewe huwezi kugeuka, sabuni zinakuja, mikono yako yote miwili iko kazini. Mikono yake yeye haiko kazini. Aliyewahi kulalamika alihamishiwa kwenye mapipa ya magadi yanayounguza, na huko mmoja alitoka na jicho moja. Basi kila mtu akajitafutia kinga yake: wa pini kwenye aproni, wa nguo tatu kwa mpigo. Yeye, jinzi.

"Tangu umechora lile duara hajanigusa. Wengine anawapita kwa mbali. Mimi ananipita amejibana ukutani kama mjusi."

"Mbona hukuniambia siku zote hizo?"

"Ungefanya nini? Ungemchekesha?"

Miezi sita baadaye amri ikaondolewa. Watu walishangilia barabarani, barakoa zikajaa mitaroni. Mjomba akanipigia simu mwenyewe: njoo ufute uchafu wako.

"Usiende," dada akasema.

"Nisipoenda ataitwa mwingine, atafuta yote. Nikienda mimi, lako naliacha."

"Utaliachaje na yeye amesimama pale?"

"Niachie mimi."

Nikaenda na brashi ya waya na dawa ya kuyeyushia rangi. Mjomba alikuwa ananingoja, barakoa hana, meno yote nje. "Anza na uwanja wa mpira," akasema. Njiani nilikuwa nimeandaa maneno matatu ya kumjibu, makali, ya kukata na shoka. Badala yake nikachovya brashi kwenye dawa. Nikapiga magoti nyuma ya dada yangu, visigino vyake mbele ya uso wangu, nikasugua. Hakugeuka. Wenzake hawakugeuka. Nilipofika duara la Mama Pacha, ambalo tangu azikwe hakuna aliyelikanyaga, nikalifuta nalo.

Lakini ile brashi haikujua kuchagua. Ilikwangua rangi, ikakwangua na mafuta ya miaka yote yaliyokuwa chini yake. Njano ilipoisha, ikabaki pete nyeupe ya saruji safi kwenye sakafu nyeusi, pete baada ya pete, zinaonekana kuliko hata rangi. Ningependa kusema nilikusudia.

Asubuhi yake dada alipangusa utando wa buibui, akaivaa jinzi, akakaza mkanda. Nilikuwa na utani. Niliumeza.

Saa nne, kama dada alivyonisimulia jioni, Mjomba akaja kukagua. Dada hakugeuka, mikono yake ikaendelea kukunja karatasi, ila alipaza sauti kama anayesimamisha basi lililomwacha:

"Mita moja, Mjomba!"

"Amri imeondolewa, mama. Husikilizi redio?"

"Imeondolewa redioni. Huku chini bado ipo. Tazama ulipokanyaga."

Mjomba akatazama. Na kila mtu akatazama. Bibi mmoja wa mwisho wa meza, ambaye kwa kawaida hasemi hata akikanyagwa, akasema, "Mita moja." Akafuata wa pembeni yake. Ikatembea meza nzima, mita moja, mita moja, kisha kikaja kicheko, na sabuni zikaanza kudondoka chini kwa kukosa wa kuzipokea. Mwenye kiwanda akatoka juu ngazini kuuliza watu wake wanacheka nini saa za kazi. Mjomba alikuwa mwekundu wa macho.

Jumamosi dada akaambiwa apumzike nyumbani mpaka aitwe. Hakuitwa.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kurudisha aproni yake. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Mahali pa dada alisimama binti wa kama miaka ishirini, miguu ameibana katikati kabisa ya pete nyeupe, kama aliyeonyeshwa pa kusimama. Jirani yake alikuwa anamnong'oneza kitu bila kugeuza kichwa. Mjomba akaja, mikono nyuma. Alipofika kwenye pete akasita. Akaitazama migongo ya wanawake, mmoja baada ya mwingine. Halafu akageuka ubavu, akajibana ukutani, akapita.

Nilirudi nyumbani mbio. Siku hizo dada alikuwa anafua nguo za watu, na nilimkuta uani, mikono imezama povuni mpaka kwenye viwiko.

"Dada, bado anapita ukutani! Hata leo! Nimemwona kwa macho yangu!"

Hakuinua kichwa. Alikamua shati la mtu, akalitundika, akalinyoosha kola.

"Huyo binti ana mwili gani?"

"Mwembamba. Kama mimi."

Akajifuta mikono, akaingia ndani. Alitoka na jinzi, imefuliwa, akaikunja mara mbili juu ya goti, akaweka mkanda juu yake na kunikabidhi.

"Mpelekee. Mwambie mkanda autoboe tundu jingine."