Nassoro na Wapanda Farasi Wawili

Kwa miaka minane Nassoro alimuosha mtu asiyemjua, tena alimuosha vizuri. Kila baridi ilipokwisha, kampuni yake ya usafi ilimpandisha pale kwenye uwanja wa Place Royale, Brussels, katika kikapu cha chuma kinachoinuliwa na gari, akaisugua sanamu ya jemadari Godefroid na farasi wake mpaka mavi ya njiwa yakatoka yote. Wenzake waliikwepa kazi ile kwa sababu ya upepo. Yeye aliipenda. Kwa mtu aliyeingia Ubelgiji na begi moja, akakaa miezi saba katika kituo cha wakimbizi, si haba kujikuta juu ya mji mzima akimpangusa mkubwa masikio.

Picha ndiyo iliyoleta balaa. Mwenzake alimpiga picha akiwa kule juu na ndoo yake, naye akaituma nyumbani Buyenzi, mtaa wa Waislamu wa Bujumbura. Baba yake, Mwalimu Burhani, aliyefundisha madrasa maisha yake yote, akaikuza na kuitundika sebuleni.

Mwaka huu mzee akapata viza ya wiki tatu. Siku mbili kabla hajatua, Amira, binti wa Nassoro, alirudi shuleni na daftari la historia.

"Papa, yule mtu wako wa farasi, unamujua? Ni chef wa croisade, vita vya msalaba! Waliteka Jérusalem, wakaua watu mpaka ndani ya msikiti."

Maandishi ya kwenye jiwe la chini ya farasi Nassoro alikuwa ameyapiga maji mara chungu nzima, lakini kuyasoma hakuwahi. Sasa afanye nini? Aache kazi? Awaachie njiwa wamalize? Kilichomkera zaidi ni kwamba bado alimpenda yule farasi. Na baba yake, mwalimu wa dini, alikuwa amemweka adui ukutani, anawaandalia wageni chai chini yake! Mzee akijua, Nassoro ataificha wapi sura yake?

Kwenye uwanja wa ndege, salamu hazijaisha, mzee akasema, "Kesho unipeleke kwa yule farasi."

Asubuhi, wakiwa ndani ya metro, Nassoro akapata wazo. Brussels ina farasi wengine, na miwani ya mzee ni ya zamani. Wakapita Porte de Namur, wakashuka kituo kinachofuata, Trône, ambako kuna sanamu nyingine ya mpanda farasi.

"Ndiye huyu, Baba," alisema, akitazama viatu vyake.

Mwalimu Burhani alimzunguka yule farasi polepole, mikono nyuma.

"Nassoro. Huyu mwenye ndevu, si Léopold? Si ndiye mfalme ambaye watu wake walikuwa wakikata Wakongomani mikono?"

Katika haraka yake ya kumkimbia mmoja, Nassoro hakufikiria hata kidogo huyu wa pili ni nani. Aibu ilimshika, asijue aanze kuomba radhi kwa ajili ya mpanda farasi yupi.

"Halafu wa kwenye picha hana ndevu ndefu namna hii," mzee akaendelea. "Donc, unanificha yule aliyeiteka Baitul Muqaddas?"

"Baba! Ulikuwa unamjua?"

"Nimefundisha habari zake miaka arobaini, nisimjue?"

"Sasa ulimtundika kwa nini?"

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu.

"Marehemu mama yako, macho yalikuwa yamekwisha. Kwenye simu hakuona kitu. Alitaka niikuze mpaka aone meno yako, maana tangu ulipokimbia hakukuona ukicheka. Nikaikuza, akakuona. Akalia. Bon, kisha nikamwambia huyo uliye naye ni nani. Akasema, 'Mkate huyo, unibakizie mtoto wangu.' Nikachukua mkasi."

"Ukamkata?"

"Ningemkataje? Ulikuwa umemwekea mkono begani. Nikamwonyesha mama yako. Nikamwambia, nikimkata huyu, na vidole vya Nassoro vinakwenda. Akapapasa ile picha hapo kwenye vidole, muda mrefu. Akasema, 'Basi, acha. Wakae wote.'"