Ila ya Zipporah

Kwetu pwani mtu akiulizwa habari haanzi na baya. Hata nyumba ikiwa imeungua, atasema, “Njema,” kisha aongeze, “ila nyumba imeungua.” Ukimsikia mtu ameanza na baya, jua kuna msiba.

Zipporah wa Ganda alikuwa bingwa wa ila, na sababu alikuwa nazo. Mwaka wa themanini na nne mumewe Kenga, mgema, aliteleza mnazini akavunjika mgongo, miguu ikafa. Majirani wakamwambia hujafa hujaumbika, methali rahisi sana kwa mwenye miguu yake. Kenga akageukia ukuta, uji akiletewa anausukuma kando. Zipporah alishona makuti mchana kutwa huku akilalamika moyoni: mvua hakuna, mume haamki, Mungu yuko wapi. Aliogopa kwamba Kenga atajifia kwa kutotaka kuishi, naye hana neno la kumrudisha.

Mama Monicah, mkubwa wa kina mama kanisani, akamwambia, “Mwanangu, fikira hufuata neno la mwisho. Wewe waanza na njema, waishia kwenye kilio. Geuza. Taja shida kwanza, na baada ya ila mshukuru Mungu kwa jambo lolote, hata dogo. Hapo hujadanganya, shida umeitaja.”

Kesho yake asubuhi akapita Menza, jirani mwenye masikio mafupi na miguu mirefu.

“Waamkaje, Mama?”

“Kenga hainuki tena,” akaanza Zipporah, “ila...”

Menza hakuingoja ila. Ndoo chini, mikono kichwani, uwii mpaka barabarani! Jua halijapanda, uwanja umejaa kina mama wamejifunga leso viunoni, wengine na kuni za matanga. Mzee Dzombo, mnywaji wa siku nyingi, alilia kuwashinda wote, kwamba mgema kama yule hatapatikana tena. Zipporah alijaribu kueleza, lakini nani humsikiliza mjane?

“Dzombo,” sauti ikatoka ndani, “wanililia ningali hai?”

Dzombo, ambaye hata ujanani hakuwa mtu wa mbio, alifika kwenye mihogo kabla ya wenzake.

Watu walipokwisha kucheka na kwenda zao, Zipporah aliingia ndani, aibu imemjaa. Kenga alikuwa amegeuka, ukuta uko mgongoni kwake.

“Ulitaka kumalizaje?” akamwuliza.

“Kumaliza nini?”

“‘Kenga hainuki tena, ila.’ Ila nini?”

Angeweza kubuni kitu kizuri. Badala yake aliketi ukingoni mwa kitanda, machozi yakamtoka.

“Sikuwa nimelipata,” akasema. “Nilisema ila kwanza, nikitumaini Mungu atanipa la kufuata.”



“Ule uji,” akauliza Kenga, “bado upo?”