Dada Yangu na Bango la Zambarau

Dada yangu ametengeneza mabango kwenye kiwanda cha uchapaji miaka kumi na mmoja, bila kusomea popote. Akaomba ukuu wa kitengo, wakampa binti mwenye digrii ya sanaa.

Wiki ya kwanza tu, dada akamwonya: "Bosi, hiyo bluu ni ya kwenye kompyuta. Karatasini itatoka zambarau."

"Aa, dada, hayo tumeyasoma chuoni mwaka wa kwanza."

Mabango mia tano yakatoka zambarau. Mwenye kiwanda akamjia juu dada: "Wewe mzoefu wa miaka yote hii, umemwachaje akosee?"

Yaani uzoefu wake wanauona siku ya lawama tu! Nikamwambia aache kazi.

"Niende wapi? Huko nako watauliza cheti."