Kitambulisho Kilichofungiwa

Hakuwahi kunipiga ngumi. Hilo nililishikilia kwa miaka minne. Alinisukuma tu. Alinibana ukutani tu. Alinifinya mkono hadi ukabaki na alama, na kesho yake akaniletea maua. Kitambulisho changu alikifungia kwenye droo yake, eti kisipotee, nami na digrii yangu nikamshukuru.

Nyumba yetu ya Lavington ilikuwa na ukuta mrefu na mlinzi mwenye adabu, aliyenipigia saluti kisha akampigia mume wangu simu kumwambia nimetoka saa ngapi. Aliyeona mambo ni dada aliyekuja kutoka Kangemi kila asubuhi kunisaidia kazi. Siku moja nilikunja mikono ya sweta ili nioshe vikombe. Aliutazama mkono wangu, akaishusha ile mikono ya sweta polepole, kama anayemvalisha mtoto.

"Madam, mimi siulizi kitu," akasema. "Lakini kuna ofisi huko tao, inasaidia wamama. Ni bure. Sister yangu alienda."

"Wamama gani?" nikamfokea. Nilikasirika kwamba amenihesabu miongoni mwao. Alianza kupangusa vikombe.

Wiki mbili baadaye nilimwambia mume wangu kwamba naenda kung'oa jino. Alinipa ruhusa hadi saa nane.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofa ya tano, katikati ya jiji. Nairobi huingii jengo bila kitambulisho, hata mtoto wa shule anajua hilo. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa, maana miaka yote hiyo niliingia kila mahali ubavuni mwa mume wangu, yeye akizungumza na walinzi.

"ID, madam," akasema askari wa mlangoni, mama wa makamo aliyevaa sare iliyompwaya.

"Sina."

"Umepoteza?"

Ningeitikia tu, yaishe. Badala yake nikajisikia nikisema, "Anayo mzee wangu. Ameifungia."

Sikuwa nimewahi kuyasema maneno hayo kwa sauti, na kumbe yalikuwa machache hivyo. Niliogopa kuliko siku zote za ukutani. Kama mama huyu angenirudisha, nilijua nisingekuja tena.

"Unaenda floor gani?"

"Ya tano."

Alinisogezea kitabu cha wageni. "Andika jina. Hapo kwa namba ya ID, wacha."

Niliandika. Akachukua kalamu na kujaza nafasi ile kwa namba aliyoijua kwa kichwa, yake mwenyewe. Ndipo nilipotazama juu ya jina langu. Kwenye ukurasa ule ule, kando ya majina ya wanawake watatu nisiowajua, namba ilikuwa ile ile.

"Panda, mamangu," akasema. "Lifti imeharibika."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na robo. Nikaanza kupanda ngazi.